Sanduku la Maua Lililokatwa Kama Pazia

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, mwenyekiti wa kamati ya jengo letu alisimama mbele ya watu akasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke mpole, mwenye maneno machache, na kwamba yeye mwenyewe, mwenyekiti, ndiye aliyemtia moyo apande maua. Niliinamisha kichwa. Watu walidhani nalia. Kweli nilikuwa nalia, lakini si kwa hilo. Kwa hilo nilikuwa nauma ulimi. Mungu anisamehe, makaburini si mahali pa kumsahihisha mtu. Ila kwenye karatasi sidhani kama ni dhambi, ndiyo maana naandika.

Mama mkwe hakuwa mpole. Alikuwa mshona mapazia, na mtu aliyezoea kupanda ngazi kwenye sebule za watu na kuwaambia kwamba madirisha yao yamepinda hawezi kuwa mpole. Jengo zima lilimwita Futikamba, kwa sababu futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni tangu anapoamka hadi anapolala, hata kwenye ibada. Kiongozi wetu wa ibada aliwahi kumwomba kwa adabu aiache nyumbani. Akamjibu, "Baba, wewe umevaa vazi la kazi yako, na mimi nimevaa la kazi yangu. Mungu anatujua wote."

Alipima kila kitu. Nikiingia tu mlangoni, jicho lake lilikuwa limeshanizunguka kiunoni na kurudi.

"Mkwe," angeniambia, "ule mshono wa gauni tuufumue kidogo, au tuuombee?"

Nilimpenda. Mwanzoni nilimwogopa, kisha nikampenda, na katikati ya hayo mawili sikumbuki kama kulikuwa na mpaka.

Mume wangu ni mtoto wao wa pekee, dereva wa magari ya mizigo, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Tuliishi ghorofa ya tatu, upande wa uani. Na ua wenyewe ni mwembamba, umebanwa kati ya jengo letu na jengo la pili, kiasi kwamba mtu wa ng'ambo akipiga chafya, huku unamwombea afya. Chini kuna kamba za kuanikia nguo. Juu kuna kipande cha mbingu cha ukubwa wa shuka. Katikati ni ukuta wa wenzetu, uliopakwa rangi zamani na mtu ambaye naamini alikuwa na hasira.

Baba mkwe alikuwa fundi bomba. Alikuwa akisikia tone la maji linalovuja nyumba ya pili, na akilisikia hapati usingizi. Halafu kiharusi kikamwangusha. Upande mmoja ukafa, mdomo ukapinda. Daktari alituambia kwamba maneno yangeweza kurudi na hata mkono ungeweza kurudi, lakini mgonjwa lazima atake. Mgonjwa hakutaka. Kitanda chake kilikuwa kati ya ukuta na dirisha. Yeye akageukia ukuta akatupa mgongo. Tulimlisha kwa kumzunguka, kama watu wanaoiba.

Wafariji walikuja kwa zamu. Hakuna wanaonichosha kama watu wema wasio na la kusema. Mmoja alikaa pembeni ya kitanda, akapumua, akatuambia kwa furaha, "Msife moyo jamani. Mjomba wangu alikuwa hivihivi kabisa. Akaanza kupata nafuu, akala uji, akacheka. Tukamzika Jumamosi."

Mama mkwe alimpa viatu vyake mkononi, akamfungulia mlango.

Yeye mwenyewe alisali kama alivyoshona, kwa vipimo. Wengine walimwomba Mungu amwinue mgonjwa, atembee, arukeruke. Mama mkwe alikaa kwenye mashine yake ya cherehani, mguu kwenye kikanyagio, akasema kwa sauti ya kawaida kama anayezungumza na mwenye duka: "Ee Mungu, si lazima atembee. Si lazima hata aseme. Ageuke tu. Nimechoka kuongea na mgongo."

Hilo ndilo alilotaka. Yote yaliyofuata ni kwa ajili ya hilo, hata yale ya kuchekesha.

Wazo la maua alilitoa kazini. Alikwenda kutundika mapazia kwenye nyumba kubwa ya watu wenye nafasi, akakuta nje ya dirisha masanduku ya mbao yamejazwa udongo, na maua yamesimama ndani yake. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amelalamika juu ya kitambaa, juu ya uzi, juu ya bei na juu ya hali ya hewa, alisogea dirishani, akatazama yale maua, akanyamaza.

"Mkwe," aliniambia aliporudi, "mteja wa pazia akinyamaza mwenyewe, ujue ameona kitu. Na huyu wetu tutamwonyesha."

Akachukua kipande cha kitambaa kilichobaki, akakitandaza mezani, akachora sanduku kwa chaki ya cherehani. Alichora matundu ya chini ya kutolea maji. Alichora tabaka la kokoto, juu yake udongo uliochanganywa na samadi na mchanga kidogo. Maua marefu nyuma, mafupi mbele, na ukingoni mmea wa kutambaa uning'inie chini kama marinda. Akasema lazima liwe na kichwa, mwili na pindo, kama pazia lolote la heshima. Kisha akapanda kwenye stuli, akapima dirisha mara mbili, akaandika kipimo kwenye kiganja, akateremka kwa seremala.

Seremala alitazama kile kiganja, akamtazama yeye. "Mama, una uhakika?"

"Mimi nimeanza kupima wewe ukiwa hujaanza kunyoa."

"Nauliza tu, mama."

"Usiulize. Kata."

Akakata. Sanduku lilipokuja, vijana wanne walilipandisha ngazi wakilipindua kila kona kama kabati la bibi harusi. Walipolifikisha dirishani likapita dirisha letu, likaendelea. Upande mmoja lilifika katikati ya dirisha la jirani wa kushoto, upande mwingine likamgonga jirani wa kulia kwenye kioo. Jirani wa kushoto alitoa kichwa.

"Futikamba, asante! Hata sikujua kwamba umenitengenezea na mimi."

Sote tulimgeukia mama mkwe. Alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili, ametazama kiganja. Halafu nikaona uso wake unabadilika, nami nikaelewa pamoja naye. Pazia huwa halikatwi upana wa dirisha. Unapima dirisha, unaongeza nusu yake, ili kitambaa kikivutwa kiwe na mikunjo. Kwa maisha yake yote mkono ule haukuwahi kupima dirisha bila kuongeza nusu. Na sasa ulikuwa umeongeza.

"Mama," alisema seremala taratibu, "mbao haina mikunjo."

Jengo lilicheka wiki nzima. Ngazini watu waliulizana kama meza ya Futikamba nayo ina marinda. Seremala alijitolea kulikata, lakini mama mkwe alikataa. Alisema kitu kilichokatwa kwa kosa ukikikata tena kwa hasira unapata makosa mawili. Nadhani aliona haya tu. Sanduku likabaki kwenye ujia mbele ya mlango wetu, na waliokuja kutucheka walilikalia wakati wa kupumzika.

Hakukata tamaa. Alipanda miche kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, akayapanga kwenye kizingiti cha dirisha letu. Maua yalitoka, ya manjano na ya rangi ya machungwa, na mimi nikamshukuru Mungu. Nilishukuru mapema. Chumba chetu kina kiza na mwanga wote uko nje, kwa hiyo miche ililala kuelekea nje, na kila ua lililofunguka lilifungukia ng'ambo. Sisi tuliona vikonyo. Mama mkwe aliyageuza makopo. Baada ya siku chache yakageuka tena.

"Nachota maji mimi, napalilia mimi," aligomba, "halafu uso yanampa Mzee Rula!"

Mzee Rula ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na dirisha lake linatazamana na letu. Miaka mingi yeye na baba mkwe walicheza drafti kila jioni, mpaka siku moja kete ikaanguka chini ya meza. Mmoja akasema ilikuwa imeshaliwa, mwingine akasema ilikuwa hai. Tangu hapo hawakusalimiana. Walikuwa wakifungua madirisha asubuhi kwa wakati mmoja na kila mmoja akijifanya kwamba mwenzake ni sehemu ya ukuta.

Mama mkwe alisimama dirishani muda mrefu akitazama vile vikonyo.

"Unajua, mkwe," akasema, "maua ni kama kitambaa. Yana uso na mgongo. Na uso wa maua ya mtu anauona aliye ng'ambo yake." Akapima kwa jicho dirisha la Mzee Rula, ambalo ni la vioo vinne, pana kuliko yote uani. Kisha akageuka polepole kutazama lile sanduku kule ujiani. Nikajua tumekwisha.

Tulikwenda. Mzee Rula alifungua mlango kidogo, akawaona vijana wanne na sanduku.

"Miaka yote hamnisalimii," akasema, "leo mnaniletea jeneza?"

"Shikamoo, mwalimu," nikasema mimi haraka.

"Marahaba, binti. Wewe sina neno nawe."

"Ni sanduku la maua," mama mkwe akasema. "Nataka kulifunga kwenye dirisha lako."

"Maua ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Basi mfungie kwake."

"Halienei."

Mzee Rula alilitazama sanduku kutoka kichwa hadi mguu. Jengo letu lilikuwa limecheka kwa sauti, kwa hiyo alikuwa anajua kila kitu. Lakini alitaka kulisikia. "Halienei kwa nini, mama? Nani alipima?"

"Nilipima mimi."

"Ukafanyaje?"

Mwanamke huyu hakuwahi kumwambia mteja hata mmoja kwamba amekosea; dirisha ndilo lililokuwa likikosea. Akafunga macho kidogo. "Nikakosea, mwalimu. Nilikosea kupima."

"Sema tena?"

"Hilo lililoingia sikio moja linatosha!" Kisha akashusha sauti. "Mwalimu, mwenzako ameugeukia ukuta. Hanitazami. Nataka aone kitu huku."

Mzee Rula akafungua mlango wote. "Nitayamwagilia," akasema, "lakini si kwa ajili yake. Ile kete ilikuwa imeliwa."

Fundi wa kuchomelea akafunga vyuma vya kushikilia, na mama mkwe akajaza sanduku kama alivyolichora: kokoto, udongo, marefu nyuma, mafupi mbele, marinda ukingoni. Alimwagiza Mzee Rula amwagilie kopo moja kila jioni, jua likishapungua. Kila asubuhi alisimama kando ya kitanda na kuusimulia mgongo wa mumewe yanayotokea ng'ambo. "Lile la manjano limefunguka. Baba, lile la manjano." Mgongo ulibaki mgongo.

Hapo ndipo mwenyekiti anapoingia, yule aliyemtia moyo. Ni mstaafu, ingawa hakuna aliyewahi kujua alistaafu kutoka kazi gani. Alikuwa amesikia kwamba mwenye majengo atapita kutembelea, akatangaza shindano la Dirisha Bora, kwa upande wa barabarani peke yake, maana mgeni hupita barabarani. Watu wakakimbilia maua ya plastiki. Jirani yetu wa kulia, ambaye nyumba yake iko kona na ina dirisha la barabarani pia, aliyaning'iniza dirisha hilo zima, na kila mwenyekiti alipopita chini, alichukua kopo akayamwagilia. Mwenyekiti alimtaja kama mfano wa mkazi mwenye bidii. Wakati wa kuamua, kamati ilimpa yeye ushindi, na sababu iliyosomwa mbele yetu ni kwamba maua yake yalionyesha matunzo ya hali ya juu, kwani hakuna hata moja lililonyauka.

Kuhusu uani mwenyekiti alitoa agizo: masanduku yote yashushwe kabla ya ziara. Masanduku yote yalikuwa moja. Alisema uani ni nyuma ya jengo, na nyuma hakupambwi, kwa sababu hakuna anayekutazama.

"Mume wangu anakutazama huko nyuma," mama mkwe akasema.

"Nasikia anatazama ukuta," mwenyekiti akajibu.

Mama mkwe alirudi ndani, akakaa kwenye mashine bila kuikanyaga. Niliomba kimoyomoyo, na nilimwomba Mungu afanye haraka, kama vile yeye ndiye aliyechelewa.

Basi siku ya ziara, jua la utosi, Mzee Rula alitokea dirishani na ndoo. Hakuwa mvivu wala mwenye hila. Alikuwa amepiga hesabu: kopo moja kwa siku, kwa wiki ni makopo saba, makopo saba ni ndoo moja, kwa hiyo anamwaga ndoo moja na kupumzika hadi wiki ijayo. Hesabu ilikuwa sahihi. Akainua ndoo, akaimimina yote kwa mara moja.

Maji yaliruka juu ya udongo, yakabeba mbolea, yakamwagika kwa mbele kama maporomoko, na chini kulikuwa na shuka za watu. Kelele zilipanda. "Mwalimu! Mwalimu, shuka zangu!" Maji yakaendelea kutiririka, tiriri, tiriri, yakigonga bati, yakigonga sakafu ya ua.

Nikasikia kitanda kinalia.

Baba mkwe alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, anajivuta. Mama mkwe aliinuka kumsaidia, nikamshika nguo. Sijui nani aliniambia nimshike. Mzee alijivuta, akapumzika, akajivuta tena, mpaka uso wake ukaja upande wetu, umepinda, umelowa jasho, umejaa hasira ambayo tulikuwa hatujaiona tangu augue. Hakututazama sisi. Alitazama ng'ambo, yale maji yanavyopotea.

"Mwa... mwambieni," akasema. Maneno yalitoka yamepondeka, lakini yalikuwa maneno. "Mwambieni huyo mjinga... jioni. Ki... dogo kidogo. Anaua."

Mzee Rula alisimama na ndoo tupu. "Anasemaje?"

"Anasema wewe ni mjinga!" mama mkwe alipiga kelele, machozi yakimtiririka, kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo hata siku ya harusi yangu.

"Mwambieni na yeye," Mzee Rula akajibu, na sauti yake haikuwa imara, "mwambieni ile kete ilikuwa imeliwa."

"Hai!" baba mkwe akasema.

Mwenyekiti aliingia kwetu katikati ya hayo, amevaa koti, kuuliza kwa nini sanduku bado liko juu na mgeni yuko njiani. Akaja kusimama dirishani ili atuonyeshe kwa kidole jinsi lilivyokaa vibaya. Baba mkwe alimtazama mgongoni.

"Unaziba," akamwambia.

Mwenyekiti akageuka. Kwa miezi mingi mgonjwa huyu alikuwa amehesabiwa pamoja na wafu. Mwenyekiti alifungua mdomo, akasogea kando, akasogea tena, mwishowe akajikuta ujiani. Mgeni alipita barabarani akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Sanduku halikushushwa.

Sitasema kwamba mama mkwe alifurahi moja kwa moja. Siku ya pili aliniambia jikoni, huku akikata vitunguu vingi kuliko tulivyohitaji: "Nimemsemesha kwa upole, nimemwimbia, nimempandia maua. Hakugeuka. Kageuzwa na mwanamume mwenye ndoo."

"Mungu hutumia chombo anachotaka, mama," nikasema.

"Sawa. Lakini angetumia mimi, angepungukiwa nini?"

Kulikuwa na tatizo jingine. Baba mkwe sasa alitazama dirishani mchana kutwa, akimsimamia Mzee Rula kwa sauti iliyozidi kunyooka, na mashine ya cherehani ilikuwa nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali asipoweza kuona akigeukia upande wowote. Kwa hiyo mke wake bado alikuwa anaongea na mgongo. Akatuambia tuihamishie dirishani. Akakaa pale, akashona, naye mzee akamvumilia kidogo, kisha akasema, "Futikamba, unaziba." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Tukakata miguu ya stuli yake, mashine tukaitoa kwenye meza yake ya kikanyagio, tukaitia mkono wa kuzungusha, tukaiweka chini kwenye jukwaa la mbao, akawa anashona ameketi chini kama mtoto, na yeye mumewe akitazama maua kwa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema ni afadhali kutazamwa kwa juu kuliko kutotazamwa.

Hapo ndipo Mungu alipomkuta. Alikuwa anashona pindo, akainamisha kichwa kwenye kitambaa, nikadhani anakata uzi kwa meno.

Baada ya mazishi niliondoa mashine nikaifunika, nikaisukuma ukutani, maana niliona inaniumiza, na nikadhani inamuumiza na mzee. Juzi aliniita.

"Mkwe. Irudishe mashine ya mwenzangu dirishani. Juu ya meza, si chini."

"Itaziba maua, baba," nikamwambia.

Alikuwa anatazama pale chini ya dirisha ilipokuwa zamani, si ng'ambo.

"Iache izibe," akasema.